Kingamwili kwa chembe sahani za panya: mwongozo kamili wa kupima protini za juu ya utando

Mara ya kwanza nilipopima P-selektini, protini inayojitokeza juu ya chembe sahani zinapochochewa, kwenye damu ya panya, karibu nusu ya chembe sahani zilionekana zimeamka, yaani zimechochewa, ilhali panya mwenyewe alikuwa mzima na hakuna aliyemchoma dawa yoyote. Kingamwili ilikuwa sahihi, mashine nayo (saitometa ya mtiririko, inayopitisha chembe moja moja mbele ya leza na kupima mng'ao wa rangi iliyobebwa na kingamwili) ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni damu. Niliivuta kwa nguvu, nikaitikisa, kisha nikaiweka kwenye barafu kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya na chembe nyeupe.

Tangu siku hiyo naamini jambo moja kuhusu kazi hii: kununua kingamwili nzuri ni nusu ndogo ya safari. Nusu kubwa ni kuifikisha chembe sahani mbele ya leza ikiwa katika hali ileile iliyokuwa nayo ndani ya mshipa. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini ni namna moja au nyingine ya kutomwamsha.

Chembe sahani ndizo zile ambazo hospitalini tunaziita platileti. Panya ninayemzungumzia ni yule mdogo wa maabara, Mus musculus. Kingamwili nyingi tutakazotumia zimetengenezwa ndani ya binamu yake, Rattus, ambaye nitamwita panya mkubwa ili tusichanganyikiwe.

Anza kwa kusahau uliyoyazoea kwa binadamu

Chembe sahani ya panya ina upana wa mikromita 1 hadi 2. Ya binadamu ni 2 hadi 3. Panya anazo kama milioni 1 katika kila mikrolita ya damu, wakati mtu mzima ana 150,000 hadi 450,000. Za panya huishi siku 4 hadi 5 tu, zetu 8 hadi 10. Kwa hiyo unashughulika na vitu vidogo zaidi, vingi zaidi, na vinavyobadilishwa haraka zaidi.

Tofauti zinazoangusha watu, hata hivyo, si za ukubwa. PAC-1, kingamwili ambayo maabara za binadamu huitegemea kuonyesha integrini iliyofunguka (integrini ni protini ya utando ambayo chembe sahani hutumia kushikana), haifai kwa panya. Peptidi zinazochochea kipokezi cha thrombini kiitwacho PAR1, kama TRAP-6, nazo hazifanyi kitu, kwa sababu chembe sahani za panya zina PAR3 na PAR4 na hazina PAR1 kabisa. Nimeona mwanafunzi akirudia jaribio wiki nzima akidhani kingamwili yake imekufa, kumbe kichochezi ndicho hakikuwa na mlango wa kubisha. Tumia thrombini yenyewe, kile kimeng'enya cha kugandisha damu, au peptidi ya PAR4 iitwayo AYPGKF.

Tena chembe sahani za panya hazina vipokezi vya Fc gama, vile vinavyoshika mkia wa kingamwili, tofauti na zetu zenye FcγRIIA. Maana yake, ile kingamwili ya kuziba vipokezi vya Fc, kloni 2.4G2 (kloni ni ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ileile), haihitajiki kwa ajili ya chembe sahani zenyewe. Iweke pale unapotazama chembe sahani zilizonata kwenye chembe nyeupe, maana hizo nyeupe ndizo zenye vipokezi hivyo.

Kuchagua protini na kloni

Jiulize kwanza swali lako ni lipi. Unataka kuzitambua tu chembe sahani katikati ya seli nyingine, unataka kujua kama zimeamka, au unataka kujua kama zimepoteza kipokezi fulani? Kila swali lina kingamwili yake.

Kwa utambulisho, CD41 ndiyo mhimili. Ni nusu ya integrini αIIbβ3, na kloni MWReg30 iliyotoka kwa panya mkubwa ndiyo utakayoikuta kwenye friji za maabara nyingi. CD61, nusu ya pili ya integrini hiyohiyo, hushikwa na kloni 2C9.G2 kutoka kwa hamsta. Lakini CD61 huungana pia na mwenza mwingine, CD51, kwenye makrofaji, seli zinazokula mfupa na utando wa ndani wa mishipa, kwa hiyo ikiwa peke yake haitoshi kusema "hii ni chembe sahani". Hata CD41 ina mipaka: ndani ya uboho utaikuta kwenye megakariosaiti, seli mama za chembe sahani, na kwenye baadhi ya seli changa zinazozaa damu. Ukiwa kwenye uboho, ongeza CD42d, yaani glaikoprotini V (GPV), kwa kloni 1C2. Hiyo hubaki kwenye ukoo wa megakariosaiti na chembe sahani.

CD9 na CD49b zipo kwa wingi juu ya chembe sahani, ila zipo kwingine pia. CD49b iko kwenye seli za kinga ziitwazo NK. Mimi siziwekei imani ya utambulisho. Nazipima tu pale zinapokuwa zenyewe ndizo swali.

Kundi la CD42 lina GPIbα (CD42b), GPIbβ (CD42c), GPIX (CD42a) na GPV (CD42d). Kwa CD42b kloni Xia.G5 inafanya kazi vizuri. Hapa pana mtego mkubwa. GPIbα hukatwa na kimeng'enya ADAM17 na kudondoka kwenye plazima, na damu iliyokaa muda mrefu huonyesha CD42b ya chini bila panya kuwa na tatizo lolote. Thrombini nayo hukata GPV, na huifanya GPIbα izame ndani. Kwa hiyo ukiona CD42 imeshuka, usikimbilie kuandika "upungufu". Angalia kwanza umri wa sampuli na kama ilichochewa. GPVI, kipokezi cha kolajeni kinachoshikwa na kloni JAQ1, nayo hukatwa vivyo hivyo.

Kwa kuamka kuna alama mbili, na nasisitiza zipimwe pamoja. Ya kwanza ni P-selektini, CD62P, ambayo katika utulivu hukaa ndani ya vifuko vya alfa na hutoka juu pale vifuko vinapomwagwa. Kloni RB40.34 na Wug.E9 hutumika sana. Ya pili ni integrini αIIbβ3 iliyofunguka, na kwa panya hiyo huonyeshwa na JON/A iliyounganishwa na rangi ya PE. JON/A ilielezwa mwaka 2002 na kundi la mtafiti Bernhard Nieswandt nchini Ujerumani, na iliziba pengo lililokuwa linasumbua: kabla yake hapakuwa na mwenzake PAC-1 kwa panya. Inashika integrini iliyofunguka na kuiacha iliyofunga. Alama hizi mbili hazisemi kitu kimoja. Kichochezi ADP peke yake hufungua integrini vizuri lakini huleta P-selektini kidogo sana. Thrombini huleta zote mbili. Ukipima moja tu, utakosa nusu ya hadithi.

Nunua kingamwili zilizokwisha kuunganishwa na rangi. Ukitumia kingamwili ya pili inayoshika kingamwili za panya mkubwa, inaweza kushika pia kingamwili za panya mwenyewe zilizotulia juu ya chembe zake, hasa kwenye majaribio ya magonjwa ya kinga. Kuhusu rangi, kanuni ni rahisi: protini iliyojaa, kama CD41, ipe rangi dhaifu kama FITC, protini adimu, au ile ambayo mabadiliko yake ni madogo, ipe rangi kali kama PE.

Neno moja kuhusu kutunza. Kingamwili zenye PE au APC hukaa kwenye nyuzi 4 na haziruhusiwi kuganda. Kichupa kilichoganda kwa sababu kiliegemea ukuta wa nyuma wa friji ni hasara. Kwetu ambako umeme hukatika na kurudi, weka kipimajoto ndani ya friji na ukisome kila asubuhi.

Tafuta kipimo chako mwenyewe

Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji mara nyingi kilitafutwa kwa idadi ya seli tofauti na yako. Na chembe sahani za panya ni nyingi mno. Hebu tupige hesabu. Chukua chembe milioni 1.2 kwenye mrija. Ukitumia makadirio ya binadamu ya αIIbβ3 kama 80,000 kwa kila chembe, una sehemu za kushikia takriban bilioni 96. Kuzijaza zote kwa kingamwili moja kwa kila sehemu unahitaji kama nanogramu 24. Ukiweka nanogramu 10 kwa kubana matumizi, kingamwili itaisha kabla ya chembe kuisha, na panya mwenye chembe nyingi ataonekana ana CD41 kidogo. Hilo ni kosa baya kwa sababu linafanana kabisa na matokeo ya kweli.

Andaa mirija mitano yenye damu ileile na ujazo uleule. Weka mikrogramu 1, kisha 0.5, 0.25, 0.125 na 0.06. Chagua kipimo kidogo kabisa ambacho mng'ao haujaanza kushuka, halafu nenda hatua moja juu yake. Kabla ya kutumia, zungusha kichupa cha kingamwili kwa kasi kubwa kwa dakika 5 na uchukue maji ya juu. Vibonge vya kingamwili vina ukubwa unaokaribiana na chembe sahani, na mashine haitajua tofauti.

Kuchukua damu

Hapa ndipo jaribio huharibika au hupona. Hakikisha kwanza una kibali cha kamati ya maadili ya wanyama. Panya wa gramu 25 ana damu kama mililita 1.8, kwa hiyo ukitaka aendelee kuishi usizidishe mikrolita 180 kwa mara moja. Kwa kazi hii mikrolita 50 zinatosha.

Njia yoyote utakayotumia, tone la kwanza lifute. Limebeba vitu vya tishu iliyochanwa ambavyo huanzisha mgando. Damu itiririke yenyewe. Ukitumia sindano, vuta polepole. Ikisita na kutoka kwa vipande vipande, iache, chukua panya mwingine.

Dawa ya kuzuia mgando iwe tayari ndani ya mrija kabla ya damu. Kwa vipimo vya kuamka natumia heparini, uniti 20 kwa mililita, mikrolita 300 ndani ya mrija wa mililita 1.5. Sitreti au ACD pia zinafaa. EDTA usiiguse kwa kazi hii: hunyonya kalsiamu inayoshikilia αIIb na β3 pamoja, na integrini ikiachana JON/A haina cha kushika. Kama kazi yako ni kuhesabu chembe tu, EDTA haina ubaya, ila hakikisha kloni yako ya CD41 bado inashika.

Pindua mrija taratibu mara tatu au nne. Usiweke kwenye barafu, maana baridi hubadilisha umbo la chembe sahani na kukusanya vipokezi vyake vya GPIb. Usiweke kwenye mashine ya kutikisa. Miongozo husema "joto la chumba" ikimaanisha nyuzi 20 hadi 25, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kinaweza kufika 31. Washa kiyoyozi mapema, au tumia bakuli la maji uliyoyapima. Usiposema joto lako katika daftari, siku ya moto na siku ya mvua zitakupa matokeo mawili.

Kuosha, kuchochea, kupaka rangi

Bafa ya Tyrode iliyorekebishwa ndiyo nyumba ya chembe hizi. Yangu ina kloridi ya sodiamu milimola 137, ya potasiamu 2.7, bikaboneti ya sodiamu 12, fosfeti ya sodiamu 0.4, HEPES 5, glukosi 5, pamoja na albumini ya ng'ombe asilimia 0.35, pH 7.4. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.2. Kalsiamu usiiweke bado.

Ongeza mililita 1 ya bafa hiyo kwenye damu, zungusha kwa 800 g (mara 800 ya nguvu ya mvutano) kwa dakika 5, mwaga maji ya juu kwa pipeti bila kugusa seli, rudia mara moja. Chembe nyekundu zitabaki na sahani pamoja. Ziache, mashine itazitenga. Kuosha huku kunaondoa plazima, na hilo ni la lazima ukitumia thrombini, kwa sababu fibrinojeni ya plazima ingegeuka utando wa mgando ndani ya mrija. Kisha tandaza seli kwenye mililita 1 ya bafa, safari hii yenye kalsiamu milimola 1. Sasa una kama chembe sahani 50,000 kwa mikrolita. Ziache zipumzike dakika 15 hadi 30.

Kwa kila mrija wa kupimia:

1. Weka kingamwili kwanza, mfano JON/A-PE na P-selektini-FITC, kila moja kwa kipimo ulichokitafuta.
2. Ongeza kichochezi: ADP mikromola 10, thrombini kuanzia uniti 0.01 hadi 0.1 kwa mililita, au CRP, peptidi inayofanana na kolajeni, inayofuata njia ya GPVI. Mrija mmoja upate bafa tupu.
3. Ongeza mikrolita 25 za seli. Changanya kwa kugonga mrija kwa kidole mara moja.
4. Acha dakika 7 kwenye nyuzi 37, kisha dakika 7 kwenye joto la chumba, gizani.
5. Simamisha kwa mikrolita 500 za PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti). Soma ndani ya dakika 30.

Mpangilio huo si wa bahati. Kingamwili inatangulia ili iwepo pale integrini inapofunguka. Baada ya kusimamisha hatuoshi tena, kwa sababu kila mzunguko wa sentrifuji ni nafasi nyingine ya kuziamsha na kuzigandisha pamoja. Na usizikaze chembe kwa paraformaldehaidi, kemikali inayozifungia katika hali zilizo nazo, kabla ya JON/A. Integrini iliyokazwa haifunguki.

Panga mirija kwa zamu, ukianza kila mmoja sekunde 30 baada ya mwenzake, ili wote wasomwe wakiwa na umri mmoja.

Mbele ya mashine

Weka mtawanyiko wa mwanga wa mbele (unaoonyesha ukubwa) na wa pembeni kwenye skeli ya logi. Kwenye skeli ya kawaida chembe sahani za panya zitajikunyata kwenye kona na utazichanganya na uchafu. Kizingiti, yaani kiwango ambacho mashine huanzia kuhesabu chembe, kishushe, au, afadhali zaidi, kiweke kwenye rangi ya CD41 badala ya ukubwa. Katika damu hii kila chembe sahani moja inaambatana na nyekundu kama 10, kwa hiyo kizingiti cha rangi kinakuokolea muda na nafasi ya kuhifadhi data. Ukitumia JON/A, angalia kloni yako ya CD41 isigombanie mahali pamoja nayo. Njia salama ni kutambua kwa CD42d au kwa ukubwa.

Peleka kwa kasi ndogo kabisa. Kasi kubwa hufanya chembe sahani na chembe nyekundu zipite mbele ya leza kwa pamoja, na mashine huandika seli moja kubwa yenye CD41. Kuna jaribio zuri la kubaini hili. Paka sehemu moja ya damu kwa CD41 ya FITC, sehemu nyingine kwa CD41 ya APC, kisha zichanganye sekunde chache kabla ya kusoma. Zikionekana nyingi zenye rangi zote mbili, si chembe zilizoshikana, ni msongamano. Zimua zaidi. Kusanya chembe sahani 10,000 hadi 20,000 kwa kila mrija.

Sampuli za kulinganishia

Usizipunguze hizi ili kubana bajeti. Unahitaji mrija usio na rangi, mrija wa kila rangi peke yake kwa ajili ya kufidia uvujaji (FITC huvuja sana kuingia chaneli ya PE), na mrija unaokosa rangi moja tu ya swali lako. Kingamwili ya aisotaipu, ile isiyolenga chochote kwenye chembe, ifanane na ukoo: ya hamsta kwa ya hamsta, ya panya mkubwa kwa ya panya mkubwa. Kwa kuamka, linganishi kuu ni mrija wa utulivu. Mimi nikiona P-selektini imezidi asilimia 5 kabla ya kuchochea, sampuli hiyo siisomi tena. Kama kuna panya asiye na jeni ya protini unayoitafuta, damu yake inashinda linganishi nyingine zote.

Toa matokeo kama mediani ya mng'ao kwa protini zinazopanda kwa pamoja kama JON/A, na kama asilimia pamoja na mediani kwa P-selektini. Mng'ao wa leo haulinganishwi na wa mwezi uliopita bila shanga za kusawazisha mashine.

Pale malaria inapoingia

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, hapa ndipo mbinu hii itakapotumika. Plasmodium berghei, kimelea cha panya kinachotumika katika maabara za malaria duniani kote, kiligunduliwa Katanga mwaka 1948 na Ignace Vincke na Marcel Lips. Panya wa aina ya C57BL/6 wakiambukizwa tawi la ANKA hupata malaria ya ubongo kuanzia takriban siku ya 6, na chembe sahani zao hushuka.

Katika damu hiyo usiamini ukubwa. Vipande vya chembe nyekundu zilizopasuka huangukia palepale zilipo chembe sahani. Ongeza TER-119, inayoshika ukoo wa chembe nyekundu, na uhesabu tu zile zenye CD41 na zisizo na TER-119. Kwa idadi kamili usioshe kabisa: chukua mikrolita 5 za damu, paka, zimua kwa ujazo unaoujua, ongeza shanga zenye idadi inayojulikana, kisha gawanya matukio ya chembe sahani kwa matukio ya shanga, zidisha kwa idadi ya shanga ulizoweka, ugawanye kwa mikrolita za damu zilizomo ndani ya mrija huo.

Ukitaka kujua kama zinazobaki zimeamka, ongeza P-selektini, na CD45 kwa kloni 30-F11 ili uone zilizonata kwenye chembe nyeupe. Hapo 2.4G2 itangulie dakika 10. Chukua damu siku ya 4 au 5, kabla panya hajaanza kutetemeka na kupooza, maana damu ya panya aliye mahututi hutoka kwa shida na tone lake la kwanza huwa ndilo la mwisho. Kama kanuni za usalama za maabara yako zinadai sampuli ikazwe, ikaze kwa paraformaldehaidi asilimia 1 baada ya kupaka, na uisome siku hiyohiyo.